Mashine ya Kukereza Isihukumiwe Bila Ushahidi

Hakuna chombo katika karakana kinachosingiziwa makosa mengi kuliko mashine ya kukereza chuma iliyozeeka. Kazi ikitoka mbaya, fundi husema, "Ni uzee." Mwenye karakana akilisikia neno hilo mara tatu au nne huanza kuwaza habari ya kuiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Pengine hana fedha za kununua nyingine, na hapo ndipo riziki ya watu watano au sita waliokuwa wakiitegemea hukatika. Kumbe mara nyingi mashine haikuwa na hatia kubwa. Kosa lilikuwa dogo, nalo lingalipatikana kwa siku moja kama mtu angalilitafuta kwa utaratibu.

Yafaa ifahamike tangu mwanzo kwamba mashine ya kukereza haifichi ugonjwa wake. Kila kosa ililo nalo huliandika juu ya chuma inachokikata. Anayejua kuyasoma maandishi hayo hana haja ya kuifungua mashine nzima. Dalili ya mvua ni mawingu.

CHANZO CHA MASHINE HII

Kukereza si kazi ngeni katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Tangu zamani mafundi wa huko walikereza matendegu ya vitanda kwa kuuzungusha mti na kuushikia patasi kwa mkono. Lakini chuma ni kigumu, na ni shida kubwa kwa mkono wa mtu peke yake kushika kisu kwa uthabiti unaotakiwa.

Mwingereza Henry Maudslay, aliyezaliwa Woolwich mwaka wa 1771, ndiye aliyeipa mashine hii sura inayojulikana. Alikuwa msimamizi katika karakana ya Joseph Bramah mjini London, akilipwa shilingi 30 kwa juma. Mwaka wa 1797, alipoomba nyongeza na kunyimwa, aliondoka akafungua karakana yake mwenyewe. Katika miaka ile ya kukaribia 1800 alitengeneza mashine ya kukata skrubu ambayo kisu chake hakikushikwa na mkono wa mtu, bali na gari la chuma lililoongozwa na skrubu ndefu. Wengine walikuwa wamekwisha kuwaza jambo hilo kabla yake, lakini yeye ndiye aliyelifanya kwa usahihi uliowashangaza watu.

Maudslay alikuwa pia na chombo cha kupimia kilichoweza kuonyesha sehemu moja ya elfu kumi ya inchi. Kiliitwa "Lord Chancellor", yaani mkuu wa majaji wa Uingereza, kwa sababu mabishano yote ya vipimo katika karakana yalikatwa nacho. Maneno ya fundi yalikwisha pale chombo kiliposema. Desturi hiyo ndiyo inayopungua katika karakana nyingi. Spana hushikwa kwanza, na kipimo hukumbukwa baadaye.

SHERIA TATU ZA MTAFUTA KOSA

Sheria ya kwanza ni kupima kabla ya kugusa. Ya pili ni kubadili jambo moja tu kwa wakati mmoja, kisha kukata tena na kupima tena. Ya tatu ni kuandika kila kipimo katika daftari. Mtu akilegeza hapa, akakaza pale na kunoa kisu, yote kwa mara moja, hata kazi ikitengenea hatajua ni dawa gani iliyoponya. Ikiharibika zaidi, hatajua ni ipi iliyodhuru.

Chukua mfano wa karakana ndogo inayotengeneza mihimili ya pampu za maji. Fimbo ya chuma yenye kipenyo cha milimita 30 imeshikwa na kishikio cha taya tatu, nayo imetokeza milimita 150. Baada ya kukatwa, uso wake una mawimbi madogo madogo, na mwisho wake wa mbali ni mnene kuliko wa karibu kwa milimita 0.08. Asiyejua kazi hii atacheka, kwa maana hicho ni kiasi cha unene wa unywele mmoja. Lakini mhimili huo utaingia ndani ya beringi. Ukizidi hata kidogo hauingii, na ukipungua utacheza mpaka pampu iharibike, na mkulima atabaki bila maji.

Fundi wa karakana hiyo anasema mara moja kwamba beringi za mashine zimekufa, naye anataka kuzikaza. Huenda anasema kweli, lakini mashahidi bado hawajaitwa. Zaidi ya hayo, mashitaka hapa ni mawili: mawimbi ni shitaka moja, na unene usio sawa ni shitaka jingine. Kila moja hapana budi lisikilizwe peke yake.

KISU NA KAZI YENYEWE

Uchunguzi huanza karibu na mahali pa kukatia, kisha huendelea kwenda nje. Hii ni kwa sababu vitu vilivyo karibu na kisu ndivyo vinavyobadilishwa kila siku, na aghalabu ndivyo vyenye makosa.

Kwanza kisu kinolewe, kwa sababu kisu butu hakikati bali husukuma, na chuma kinachosukumwa hukimbia. Pili kipimwe urefu wake kwenda juu. Ncha yake yapasa kuwa sawasawa na kitovu cha kazi. Kuna njia nyepesi ya kujua. Mashine ikiwa imesimama, rula nyembamba ya chuma hubanwa taratibu kati ya ncha ya kisu na fimbo ya mviringo. Rula ikisimama wima, kisu kimekaa sawa. Kichwa cha rula kikiinama kumwelekea fundi, kisu kiko chini mno. Kikiinama kwenda upande wa pili, kisu kiko juu mno. Tatu, kisu kisitokeze nje ya kishikio chake kupita haja.

Katika karakana ya mfano huu kisu kilikuwa chini kwa milimita 1, nacho kilitokeza milimita 50. Kiliponolewa, kikainuliwa na kurudishwa ndani kikabakiza milimita 20, mawimbi yalipungua nusu. Unene wa mwisho wa mbali ulishuka kidogo tu, ukafika milimita 0.07. Yote mawili yakaandikwa daftarini.

Kisha itazamwe fimbo yenyewe. Desturi nzuri ya mafundi ni kwamba chuma kinachoshikwa upande mmoja tu kisitokeze zaidi ya mara 3 hivi ya kipenyo chake. Hiyo ya milimita 30 ilitokeza mara 5. Msomaji akumbuke hesabu hii: fimbo ikitokezwa mara mbili ya urefu wake, kisu huiinamisha mara 8. Kipenyo chake kikipunguzwa nusu, huinama mara 16. Kwa hiyo fimbo nyembamba na ndefu itamkimbia fundi hata katika mashine iliyotoka kiwandani jana. Dawa yake ni kuishikilia mwisho wa mbali kwa ncha ya kichwa cha nyuma. Lakini katika mfano huu dawa hiyo iliwekwa akiba kwanza, ili isije ikaficha kosa jingine lililobaki.

GARI LA KISU

Shahidi wa pili ni gari linalobeba kisu, pamoja na vitelezi vyake. Ndani ya kila kitelezi mna kabari bapa ya chuma inayobanwa kwa skrubu ndogo ili kitelezi kisicheze. Mashine ikiwa imezimwa, fundi hushika kishikio cha kisu na kukisukuma mbele na nyuma, huku saa ya kupimia ikiigusa sehemu hiyo. Saa ikionyesha mwendo, kabari imelegea. Hapo skrubu zikazwe moja baada ya nyingine, kidogo kidogo, mpaka kitelezi kiende kwa uzito wa kiasi bila kukwama.

Lakini hapa pana mtego. Mashine kuukuu hulika zaidi karibu na kishikio cha kazi, kwa sababu ndipo gari lilipofanyia kazi miaka yote, na huko mbali chuma huwa bado kizima. Kabari za gari kubwa zikikazwa mahali palipolika, gari litakwama likifika mahali palipo pazima. Kwa hiyo zirekebishwe gari likiwa pale lisipokwenda mara nyingi, na ule ulegevu mdogo utakaobaki karibu ukubaliwe.

Katika karakana ya mfano, kitelezi cha juu kilikuwa kikicheza milimita 0.1. Kilipobanwa, mawimbi yalitoweka karibu yote. Shitaka la kwanza lilikuwa limekwisha kupata mkosaji, na beringi zilikuwa hazijaguswa hata kidogo.

BERINGI ZA MHIMILI

Hata hivyo mshtakiwa aliyetajwa kwanza hana budi kuchunguzwa, ili neno lisibaki. Saa ya kupimia husimamishwa juu ya kitanda cha mashine, na ncha yake hugusa juu ya mhimili mkuu karibu na kishikio. Kipande kirefu cha mti hubanwa katika kishikio, kisha huinuliwa kwa mkono bila kutumia nguvu nyingi. Mwendo utakaoonekana ni nafasi iliyo kati ya mhimili na beringi. Katika mfano huu saa ilionyesha milimita 0.03.

Mashine nyingi za zamani zina beringi za madini meupe laini, yaani bati lililochanganywa na antimoni na shaba. Mmarekani Isaac Babbitt ndiye aliyeandikisha matumizi yake katika beringi mwaka wa 1839. Mashine ndogo ya Myford ML7, iliyoanza kutengenezwa mwaka wa 1946 huko Beeston karibu na Nottingham, Uingereza, ina beringi za namna hiyo. Chini ya vifuniko vyake kuna vibati vya matabaka membamba, na beringi ikilika tabaka moja huweza kubanduliwa ili kifuniko kishuke.

Ni kazi nyepesi, na wepesi huo ndio hatari yake. Beringi haikutengenezwa ili ibane mhimili. Nafasi ile ndogo ni nyumba ya mafuta, na mhimili huelea juu ya utando wa mafuta hayo. Tabaka likibanduliwa bila haja, mafuta hayana pa kukaa. Beringi hupata moto, madini laini huchunika na kunata, na mashine iliyokuwa nzima huwa mbovu kweli kweli. Kwa mashine ndogo kuukuu ya namna hiyo, milimita 0.03 si jambo la kutia hofu. Kama fundi yule angaliachiwa kukaza vifuniko asubuhi ile, angaliharibu kiungo kilicho kizima ili kutibu ugonjwa uliokuwa mahali pengine.

Mkanda nao usisahauliwe. Ukiwa umeungwa kwa vibanio vya chuma, kila kiungo kinapopita juu ya gurudumu hugonga, na mgongo huo huonekana juu ya kazi kama alama zinazorudi kwa nafasi zilizo sawa. Mtetemo wa mota huweza kujulikana kwa kuweka sahani ya maji juu ya kichwa cha mashine na kuutazama uso wa maji, kwanza mkanda ukiwa umefungwa, kisha ukiwa umetolewa.

KITANDA KILICHOPINDIKA

Lilibaki shitaka la pili, yaani unene usio sawa. Kisa chake cha kawaida ni kupindika kwa kitanda. Kitanda cha mashine, ijapokuwa ni cha chuma kizito, hujipinda kikifungwa kwa boliti juu ya sakafu au meza isiyo sawa. Sakafu ikititia upande mmoja baada ya mvua, au mashine ikihamishwa na kufungwa upya bila kupimwa, mguu mmoja huvutwa chini. Kisu hapo husafiri kikisogea mbali na kazi kidogo kidogo. Kikikosea kwa milimita 0.025, kipenyo huzidi kwa milimita 0.05, kwa kuwa kosa huhesabiwa pande zote mbili za mviringo.

Pima maji ya mwashi haitoshi kuligundua kosa hilo, kwa maana haioni vitu vidogo kiasi hicho. Jaribio lililo bora ni hili. Hutwaliwa fimbo nene, ya milimita 40 hivi, ikashikwa na kishikio peke yake bila msaada wa kichwa cha nyuma. Sehemu ya katikati hupunguzwa ili zibaki pete mbili, moja karibu na kishikio na nyingine mwisho wa mbali. Kisha kwa kisu kikali na mkato mwembamba sana pete zote mbili hukatwa kwa safari moja, bila kugusa mkono wa kitelezi, na kupimwa kwa maikromita.

Katika mfano huu pete ya mbali ilizidi kwa milimita 0.05. Boliti za miguu ya upande wa kichwa cha nyuma zikalegezwa, kibati cha milimita 0.10 kikatiwa chini ya ule mguu ulio upande wa fundi, na boliti zikakazwa tena. Kuinua mguu huo hukiegemeza kitanda nyuma, na kisu hukaribia kazi. Pete zikakatwa upya, na zikatofautiana kwa milimita 0.02. Kibati kikaongezwa kikawa milimita 0.15, na tofauti ikapungua hata milimita 0.01. Kama pete ya mbali ingalikuwa nyembamba, kibati kingaliwekwa chini ya mguu wa nyuma.

Baada ya hapo tu ndipo kichwa cha nyuma kilipoletwa kushikilia ule mhimili wa pampu. Nacho kilikuwa kimehamishwa pembeni kidogo, pengine na mtu aliyetaka kurekebisha unene usio sawa bila kujua asili yake. Kikarudishwa mahali pake kwa majaribio mawili. Mhimili ukatoka laini, na unene wake kutoka mwisho hata mwisho haukutofautiana zaidi ya milimita 0.01. Gharama yake yote ilikuwa kibati kidogo na siku moja ya kazi.

JE, UZEE HAUNA KOSA?

Haisemwi hapa kwamba mashine haizeeki. Kitanda hulika, nati ya skrubu ndefu hulika, na meno ya gia huvunjika. Lakini hata kulika kwa kitanda kwapasa kupimwa kabla ya kuogopwa. Kitanda cha juu bapa kikilika kwenda chini kwa milimita 0.1, kisu nacho hushuka kiasi hicho, na kipenyo cha kazi ya milimita 30 hubadilika kwa chini ya milimita 0.001, jambo ambalo hakuna atakayeliona. Bali kisu kikisogea milimita 0.1 kwenda mbele au nyuma, kipenyo hubadilika kwa milimita 0.2 nzima. Kwa hiyo shimo linaloonekana kwa macho juu ya kitanda huenda lisidhuru kitu, na mlegeo usioonekana pembeni ukaharibu kazi yote.

Na kama, baada ya mashahidi wote, yaonekana kwamba mashine imelika kupita kiasi, basi hukumu hiyo ni ya haki. Mwenye karakana ataiuza au ataipa kazi zisizotaka usahihi mkubwa, akijua anafanya nini. Daftari lake litamwonyesha pia jinsi ya kuikagua mashine nyingine kabla ya kuilipia.

MAONYO MACHACHE

Kabla ya kuichunguza mashine, umeme uzimwe kwenye swichi kuu. Ufunguo wa kishikio usiachwe ndani yake hata kwa dakika moja, kwa maana mashine ikiwashwa huruka kama jiwe la kombeo. Mikono ya shati ikunjwe, na vipande vya chuma visiondolewe kwa vidole.

Boliti za mashine kuukuu za Uingereza aghalabu ni za kipimo cha Joseph Whitworth, aliyewahi kufanya kazi katika karakana ya Maudslay, na ambaye mwaka wa 1841 alipendekeza skrubu zote nchini mwake ziwe za kipimo kimoja, zenye meno ya nyuzi 55. Spana za milimita hazizikai sawasawa. Anayezilazimisha huharibu pembe za boliti, na baadaye huhitaji patasi na nyundo mahali ambapo spana ya kufaa ingalitosha.

Reli ilipofika Nairobi mwaka wa 1899, karakana za kutengeneza garimoshi zilifuata, na kazi ya kukereza chuma ikaenea bara. Leo mafundi wa jua kali wana mashine zilizokwisha kupita mikononi mwa watu wengi, na kila mmoja aliacha alama yake: skrubu iliyokazwa mno, kabari iliyolegezwa, kibati kilichobanduliwa bila sababu. Fundi anayeandika alichopima na alichobadilisha humwondolea mwenzake atakayemfuata kazi ya kubahatisha. Daftari hilo lafaa kutundikwa penye mashine pamoja na kopo la mafuta, nalo lifunguliwe kabla ya spana kushikwa.